Jino la Kitana

Mwakalukwa amefungua kitambaa mezani,
ndani vimelala vioo viwili,
hakuna kinachozidi kiberiti.
Nje, Loleza haujaonekana tangu juzi.
Mvua ya Mbeya mwezi huu hainyeshi, inakaa.

"Hiki chepesi. Kiko wazi mgongoni,
taa inapiga kioo, unapata nukta
nyekundu, ndogo kama punje ya ulezi.
Hiki kingine kimefungwa pande zote.
Kizito kidogo. Bei usiulize kwanza."

Nauliza kwanza.
Miaka ishirini na sita nanunua paina Mafinga,
sifa za mbao huja baada ya bei.
Anaitaja. Nakohoa.

Bastola yenyewe haina tatizo,
ina leseni, ni ndogo, inakaa kibindoni,
niliichukua mwaka ule Kikoti alipovamiwa Nyororo
na hela ya malori mawili.
Tatizo ni umri. Ile ncha ya mbele
niliyokuwa naiona kama jino la kitana
siku hizi ni unyoya.
Nikiitazama ncha, mtu anapotea.
Nikimtazama mtu, ncha inapotea.

"Nukta haikuchagulishi," anasema.
"Fungua macho yote mawili, mama Mhapa.
Mtazame yule unayemwelekea.
Yenyewe itamfuata."

Nakishika cha kwanza, kitupu, bila bastola,
nakielekeza ukutani, kwenye kalenda ya chai.
Nukta inakuja, lakini si nukta:
ni koma, ni mdudu aliyekanyagwa.
"Kibovu hiki."
Anakipiga picha kwa simu. Kwenye picha, duara safi.
"Kioo kizima, mama. Jicho ndilo limepinda."
Basi. Hamsini na nne,
na habari ya jicho langu nimeipata kwa muuza risasi.

Nakwenda navyo mlangoni, kwenye manyunyu.
Tone moja linateleza ndani ya kile cha wazi,
linakaa juu ya taa,
punje yangu ya ulezi inamwagika, punje kumi, kumi na tano.
Cha pili kinalowa usoni tu.
Nakifuta kwa pindo la kitenge. Koma yangu ipo.
Aliyebuni kile cha kwanza, nadhani,
hajawahi kuteremka Kitulo alfajiri,
sakitu kwenye majani, pumzi yako mwenyewe ikikuziba njia.

Kuna kitu sijamwambia Mwakalukwa.
Makambako, usiku, lori limekufa ekseli.
Kivuli kikaja upande wa matairi ya nyuma.
Nikafanya nilivyofundishwa: jicho kwenye ncha.
Nakuapia, ncha ilikuwa kali kama sindano,
kila ukingo wake niliuona.
Kivuli kilibaki kivuli
mpaka kilipokohoa, kikasema, "Mama, chai."
Gwamaka. Utingo wangu. Chupa ya chai mkononi,
vikombe viwili vimening'inia kidoleni.

Nilikuwa na macho mazuri wakati ule.

"Mbona inatetemeka?" namuuliza.
"Mkono ndio unatetemeka. Umetetemeka miaka yote,
ile ncha ilikuwa inakustahi."

Nachukua kilichofungwa.
Tunavutana kwenye bei hadi chai inapoa,
anapunguza kidogo, naongeza kidogo,
betri mbili anatupia juu, kwa uchungu.
Anasema nikapime macho kabla hajakifunga,
nasema nitapima, na safari hii sidanganyi.

Honi, mara mbili. Gwamaka ana haraka,
ukungu wa Igawa haumsubiri mtu.
Siku hizi yeye ndiye dereva.
Mshahara wake umewazidi wenzake wote,
nao wananung'unika, na yeye hajui kwa nini.