Hodi Tatu

Miezi saba macho yake yako wazi kama duka lisilo na mwenyewe:
mlango umefunguliwa, bidhaa zipo, ukiita hatoki mtu.
Baiskeli ilibaki nzima.
Lori la mkonge halikuikwaruza hata kengele.

Leo hapa Bombo wameleta mashine ya kuazima,
na binti wa Kipare, Eliaichi, amemvisha mume wangu
kofia ya nyuzi. Thelathini na mbili, nilizihesabu,
zikamning'inia kama katani kwenye kamba za kuanikia,
kila moja na jeli yake baridi, imeshika ngozi
pale nilipozoea kumpaka mafuta ya nazi.
"Haiingizi umeme," akaniambia. "Inasikiliza tu."
Nikasema, hiyo kazi naijua.
Huyu alikuwa akigonga spoku kwa ukucha, moja moja,
sikio karibu na ringi, na katika thelathini na sita
akaijua iliyolegea.

"Singano, fikiria unakunja kiganja cha kulia. Sasa pumzika."
Kunja. Pumzika. Kunja. Pumzika.
Sauti ya kitabuni, kama anafundisha mtoto kusoma.
Kwenye kioo mistari ikapita vilevile,
vilima vikifuata vilima.
Nikamwona anabana midomo.

Nikasema: mwanangu, huyu hakunji kiganja.
Huyu anakaza breki.
Mwambie yuko kwenye mteremko, breki ya nyuma imekatika,
mbele amesimama mbuzi wa Mhina.
Mwambie kaza. Mwambie achia.

Kaza.
Na upande wa kushoto wa kichwa
(mkono wa kulia, kumbe, huamriwa kutoka kushoto)
vilima vikalala.
Achia. Vikainuka.
Kaza. Vikalala tena, kama nyasi mtu anapopita.
Mkono wenyewe, juu ya shuka, haukutikisika.

Si kila mara. Kumi na nne katika ishirini.
Eliaichi akazima feni, akaniomba nisiguse kitanda,
akarudia. Kumi na tatu.
Daktari akaandika *huenda*, akalipigia mstari,
akanieleza kwamba hata kama mistari isingegeuka
lisingekuwa jibu kuwa nyumba haina mtu:
wapo wanaosikia na mashine isiwasikie.

Nililia kidogo. Halafu machozi yakakatika,
maana hesabu ilinijia:
kama anasikia leo, basi alisikia jana.
Alimsikia Mhina, nduguye, akipanga bei ya pampu na jiriwa
huku ameegemea chuma cha kitanda hiki.
Aliwasikia manesi wakisimuliana harusi ya Chumbageni
juu ya uchi wake, wakimgeuza.
Alinisikia mimi. Mwezi wa nne, usiku, umeme umekatika,
nilisema, Mola mchukue, nami nipumzike.
Sikunong'ona.

Nilitoka, nikakaa kwenye benchi
mpaka chai ikafanya utando.

Miezi saba hakuna aliyempigia hodi.
Tumeingia kwake kama watu wanaoingia stoo.
Nikasimama nje ya pazia.
"Hodi, Singano."
Nikahesabu kama mashine, sekunde kumi.
"Hodi."
Feni. Mtu anakohoa kitanda cha tatu.
"Hodi, baba Kaniki."

Mila inasema hodi tatu, usipojibiwa, rudi ulikotoka.
Sikurudi.
Nikavuta pazia, nikavua kandambili,
nikakishika kiganja cha kulia, kimelala kama kilivyolala,
nikasema: kuhusu lile la mwezi wa nne.
Ukinisikia, kaza.

Mashine ilikwisha kufungwa kwenye sanduku lake.
Kama alikaza, hakuna aliyeona.