Picha ya Kumi na Saba

Picha ya kumi na saba inatetemeka.
Kumi na sita zilizotangulia zimetulia kama maji ya mtungi,
ila hii, nikiisogeza kutoka kushoto kwenda kulia
polepole, kama Kemunto alivyoomba,
ukingo wa kofia ya baba yake unarukaruka
mfano wa mtu mwenye upele aliyekatazwa kujikuna
mbele ya wakwe.

Saa kumi jioni. Ghorofa ya tatu, Luthuli.
Huko chini spika za kuuza zinajaribiwa zote kwa mpigo,
na basi la Nyamira, lenye jeneza, linaondoka saa tatu usiku.

Napunguza mwendo. Inazidi.
Hilo nilipaswa kulijua: picha ikienda taratibu mno
haipati nukta kamili ya kukanyaga,
inabaki nusu hapa, nusu pale,
kama mgeni mlangoni ambaye hajasikia karibu.
Nazima mashine, nawasha.
Huo si ufundi, ni dua.

Kemunto amekalia kreti ya soda, leso mkononi.
Haulizi kitu. Afadhali angeuliza.

Ndipo nafanya nilichopaswa kuanza nacho: naipima.
Upana wake haufiki nusu ya skrini.
Ilipigwa kwa simu juu ya meza, ikatumwa kwa WhatsApp,
ikanifikia imekonda kama ng'ombe wa kiangazi,
nami nimekazana kuikuza na kuitembeza!
"Unayo yenyewe?"
"Yenyewe ipi?"
"Ya karatasi."
Anafungua mkoba, anatoa bahasha ya bili ya maji,
ndani ya bahasha kadi ya kliniki,
ndani ya kadi, picha.

Skana inapita juu yake kama mtu anayepiga pasi shati la harusi.
Sasa ni kubwa, imeizidi skrini mara tatu,
nikiisogeza inateleza, haina hata kwikwi.
Lakini nikibonyeza ikuze yenyewe
inakimbilia katikati,
inamwacha Mzee Ombasa,
inatua kwenye mkanda wa suruali
wa mwenzake wa karakana ya reli, jina hatulijui.
Programu haijui nani amekufa.
Yenyewe huenda katikati.

Basi naweka alama kwa mkono: mwanzo hapa, mwisho pale.
Na hapo, chini kabisa, mahali simu ilipokata,
naona viatu. Chini ya viatu,
tofali.

"Kemunto, njoo."
Anainama hadi pumzi yake inaacha ukungu kwenye kioo.
Wanaume wanne wa reli, Makongeni, wamepanga mabega sawa,
na mmoja wao amesimama juu ya tofali.
"Alituambia alikuwa mrefu kabla ya kuugua mgongo,"
anasema, na kicheko kinamtoka vibaya, kwa puani,
mpaka leso inapata kazi.
Miaka yote hiyo ukutani, fremu ya mbao ikificha ukingo!
"Nianze na uso?"
"Anza na tofali. Panda pole pole. Malizia kofia."

Napandisha. Goti, mkanda, kifungo kilichokosekana,
kidevu. Mwishoni inagota ghafla
kama lifti ya jengo hili siku inapokubali kufanya kazi.
Nalainisha breki: ianze kwa uvivu, itulie kwa uvivu.
"Kwenye tofali sekunde ngapi?"
"Tatu."
"Ongeza mbili. Mama yangu haoni haraka."

Saa kumi na mbili na robo naipika video.
Asilimia arobaini. Stima inapepesa, sote tunaacha kupumua,
inarudi.
Asilimia tisini ndipo naliona:
kofia inapofika juu, ukanda mweupe wa karatasi
unachungulia pembeni, mwembamba kama uzi.
Najua dawa yake. Ni kukuza kidogo tu,
asilimia mbili, kisha kupika upya, dakika arobaini.

Naangalia saa. Namwangalia Kemunto
akifunga bahasha ya bili kwa mpira wa nywele zake.
Nauacha.
Nachomoa flashi, naipuliza vumbi, nampa mkononi.