Kupanda Letras

Mariquita tuliiacha na jasho, mapapai yakinuka barazani.
Kufika Padua, mvua ilikuwa imeshakaa kitako.

Yolima mbele, mimi nyuma,
nikihesabu matone yanayodondoka kutoka kiti chake,
maana barabara sikuiona tena.
Mnyororo unasaga mchanga
kama meno ya mtu aliyelala.
Vidole vimegoma; gia nazibadili kwa kiganja.
Lori la maziwa likatupita, dereva akapunga,
likatuachia dimbwi zima usoni.

"Tugeuze?"

Hakujibu. Alisimama juu ya pedali,
akayumba kushoto, kulia, kama anayetwanga.
Nikatwanga nami.

Juu hapakuwa na mandhari. Ukungu tu,
na kibao ambacho kutu imeshakula herufi mbili.
Bibi Obdulia alitufungulia kibanda,
akamimina maji moto ya sukari guru,
jibini imezama ndani, ikivutika kama uzi.

Kikombe sikuweza kukishika.
Yolima akakishika, akaninywesha,
meno yangu yakigonga bati,
na utamu ukashuka hadi magotini.

Ndipo akacheka, mara ya kwanza tangu alfajiri:
"Ungeuliza mara ya pili,
ningegeuka."