Muhuri Uliokatika

Karatasi ya Mombasa haikubali kukauka.
Naipaka chokaa asubuhi, adhuhuri bado inanata,
jioni imejikunja kama jani la mkungu.
Naikandamiza kwa jiwe la kusagia pilipili
nami nakaa juu ya subira yangu.

Ghorofa ya tatu, Kuze. Meza ya cherehani isiyo na cherehani.
Kadi ya benki iliyokwisha muda, ya kusambazia rangi.
Koni ya hina, ndani nimetia gundi nzito,
nachora nayo maua ya bi harusi
kwenye kitu kisicho na mkono.
Vipande vya mfuko wa unga, ankara za majani ya chai,
pindo la leso aliyoivaa shangazi Mwanatumu hadi ikaisha.

Na ulanga.
Niliununua kwa kijiko, Mtaa wa Biashara,
muuzaji akizuia pumzi asije akaupuliza.
Ulanga humwagi ukasema umemwaga mezani:
umo kwenye wali, umo masharubuni mwa paka,
na Ijumaa iliyopita kaka yangu Badi
alirudi msikitini amenuna, kipaji kinametameta,
watu wamemuuliza harusi ni lini.

Unga wa kuvimbisha herufi nauyeyusha juu ya chetezo.
Mashine ya joto sina. Makaa mawili, chembe ya udi,
herufi zinaumuka, zinang'aa
kama ngozi iliyotoka kupakwa mafuta,
na kadi inanukia kabla haijasomwa.

Mihuri ni ya baba.
Miaka thelathini na mmoja, ofisi ya wakala wa mizigo, Kilindini,
Shekuwe bin Omari, karani,
akipuliza "haa" juu ya mpira kabla ya kugonga
kama mtu asafishaye miwani.
IMELIPWA. IMEKAGULIWA. IMEPOKELEWA.
Ule wa tarehe umekwama tisini na nane,
mkanda wake hauna mwaka wa mbele,
naye hakwenda tena kazini.
Na mmoja, mpini mweusi, ambao hakupenda kuushika:
IMEKATALIWA.

Mama aliifunga yote kwenye kitambaa, akaitia uvunguni.
Nilipoacha kazi ya bima nikakifungua,
alisema neno moja tu: makaratasi.
Alilisema kama mtu atajavyo mchwa.
Tangu Rajabu hatuketi sinia moja.

Basi usiku huu nimeshika mpini mweusi.
Miaka na panya wameutafuna mpira; nagonga, inatoka
IMEKA
na doa.
Nagonga tena. IMEKA.
Nikalitazama mpaka wino ukakauka
(kwa Mombasa, huo ni muda),
kisha nikachovya brashi kwenye buluu,
nikaongeza A kwa mkono, nene kidogo kuliko zile nyingine.

IMEKAA.
Kama asemavyo fundi akirudi hatua moja nyuma
kulitazama buibui begani mwa mteja.
Kama nyumba baada ya ufa wake wa kwanza.
Kama mwanamke, jamani, aliyeambiwa hakai.

Nikapitisha ulanga ukingoni, kidogo.
Ndani sikuandika kitu.
Nikaisukuma chini ya mlango wake.

Asubuhi alikuwa akichuja chai, mgongo kwangu.
"Hini A yako imepinda."
"Ndiyo, mama."
"Baba yako angeigonga upya."
"Haigongeki, mama. Mpira umeliwa."
Akanywa. Hakugeuka.
Alinyoosha mkono, akanisogezea mkate wa kumimina,
kipande cha pembeni, kilichoungua, nikipendacho.

Alipotoka nikaosha vyombo.
Kwenye ukingo wa kikombe chake,
pale midomo ilipogusa,
ulanga.
Nikasugua mara moja,
nikaacha.