Unalalaje

Saa tatu usiku unaanza. Si njaa, titi unalisukuma.
Si mkojo, nepi kavu.
Magoti kifuani, ngumi mbili, kilio chembamba
kinatoka dirishani hadi kwa fundi cherehani.

"Chango hilo," Mama Chausiku anagonga ukuta.
"Mchemshie bizari."
Bibi yako anapiga simu kutoka Chanika: nilikula nini,
nilimkasirikia nani, nilivuka nini njiani.

Basi natembea. Hatua saba mlango hadi kabati, saba kurudi,
wewe kifudifudi mkononi kama nguo iliyoanikwa,
nami nahesabu miezi kinyumenyume.

Wa nane, bado niko Mtaa wa Kongo nauza zipu na vifungo.
Wa sita, kipandauso: nusu ya kichwa yangu,
nusu ya mhunzi. Nililala nyuma ya marobota,
wateja wakadhani duka limefungwa.
Wa tano, mwenye nyumba akataka kodi ya miezi sita.
Nikajifunza kulia chooni, bomba likiwa wazi.
Baba yako alivutia sigara nje.
Nje yetu ni kizingiti.

Kadi ya kliniki imechanika kwenye mkunjo.
Presha ipo. Wingi wa damu upo. Vidonge, tiki, tiki
(viwili nilivitema, Mungu ananiona).
Halafu swali la nesi Siwema, aliloniuliza
bila kuinua kichwa, foleni imefika getini:
unalalaje?
Wino wa bluu: vizuri.
Neno langu hilo. Nililitoa haraka, kama nauli.

Juzi amekupima. Kilo nne na nusu, unapanda.
Nikamuuliza: ni mimi?
Akafikiri. Hakukimbilia kunifariji, ndiyo maana nikamwamini.
"Kipandauso, moshi, mawazo, yote yanatajwa.
Na wapo waliolala kama mabibi harusi
wanao wakalia hivihivi.
Mwezi wa nne wengi hunyamaza.
Akichemka, akitapika kijani, akikataa titi, usingoje asubuhi."
Akafunga kadi. Akaifungua tena.
"Na wewe? Unalalaje?"

Foleni ilikuwa ileile, hadi getini.
"Silali," nikasema,
naye akavuta kiti.

Saa saba na robo sasa. Luku imebaki uniti mbili.
Umejamba, mwanangu, kijambo cha mtu mzima,
na ukutani Mama Chausiku anacheka.