Ndugu wa Tumbo Moja

Kondo alileta gitaa limefungwa kwenye kanga ya mkewe,
akaliweka mezani kwangu, kati ya redio ya mtu na feni ya mtu mwingine,
akasema: Fundi Sikujua, hili limenona.
Nikilipiga linaongea kama mjumbe wa nyumba kumi
aliyeshiba pilau ya watu.
Nataka sauti nyembamba,
ipite katikati ya besi na tumba
kama uzi kwenye tundu la sindano.

Nikafungua skrubu.
Ndani: vumbi la Temeke, njiti ya kiberiti,
na pikapu mbili, moja shingoni, moja kwenye daraja.
Kila moja ina koili mbili zilizolala ubavu kwa ubavu,
waya mwembamba kuliko unywele wa mtoto mchanga
umezungushwa mara maelfu,
sumaku zimepeana mgongo,
makusudi,
ili mvumo wa umeme ukiingia
hii iusukume, ile iuvute,
ufe humo humo bila matanga,
na mlio wa nyuzi utoke peke yake, mnene, umetulia.

Gerezani hapatulii.
Jirani yangu Ntandu anachomelea mageti kutwa.
Kila akigusisha chuma, spika za mtaa mzima zinakohoa.

Nikachovya ncha ya moto kwenye risasi.
Moshi huu nimeuvuta miaka kumi na tisa.
Koili zilikuwa mfululizo, nikaziweka sambamba.
Kondo akapiga, akatikisa kichwa:
Kitambi kimepungua, mashavu bado.
Nikazima koili moja.
Ikalia kama kijiko ndani ya glasi, safi,
ila Ntandu akagusisha,
na geti zima likaingia ndani ya gitaa.

Ndipo nikakosea.
Nailaumu Luku, ilikuwa inalia, zimebaki uniti mbili,
mkono ukaharakisha, mwekundu ukakaa penye mweupe.
Kondo akagusa uzi wa kwanza
na sauti ikatoka puani,
nyembamba, yenye uwazi katikati,
kama mtu anayesema haya
na hajakubali.
Akarudia. Akasimama.
Hapo hapo, Fundi.

Hapo si mahali, nikamwambia, hapo ni kosa.
Hizi koili ni ndugu wa tumbo moja na nimewagombanisha:
cha nyuzi wananyang'anyana,
cha kelele wanasaidiana. Sikiliza.
Tukasikiliza. Mvumo mara mbili,
friji la bucha, na Ntandu yumo ndani yake.

Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime.
Jembe langu ni koleo la pua ndefu.
Nikarudisha amani, waya kwa waya,
nyumba ya shingoni na wanawe wawili,
nyumba ya daraja na wake wawili,
kisha nikageuza mlango wa nyumba moja tu,
chanya ikawa hasi, hasi ikawa chanya.
Sasa ugomvi ni wa nyumba kwa nyumba.
Ndani, watu wanakula sahani moja.
Nikatoboa tundu la swichi karibu na voliumu,
maana kuna siku za harusi
na mapatano nayo yanahitajika.

Akapiga.
Puani. Nyembamba. Nyuma yake, kimya.
Ntandu akachomelea weee, gitaa halikumtambua.
Nani alikufundisha hivi?
Sikujua, nikajibu, na ni jina langu.
Luku ikazima.
Aliendelea kupiga bila umeme,
kainamisha shavu juu ya mbao
kama anayesikiliza tumbo la mjamzito.

Alilipa nusu. Nyingine, alisema, Jumamosi, Mwananyamala.
Nilikwenda kudai.
Nikasimama pembeni ya spika nikihesabu swichi:
juu, chini, juu, chini,
kisha juu, na hakuigusa tena.
Nusu yangu bado anayo.
Kipande cha waya mwekundu kimenasa kwenye kandambili yangu,
kinanichoma nikitembea,
sijakitoa.