Rula ya Mervyn

Rula aliyoichora Mervyn ubavuni mwa boti yake
haikuanzia sifuri. Ilianzia saba.
Sote pale gatini tulijua,
na samaki wake tukawasifu vivyo hivyo.
Njia ya mwongo ni fupi, wanasema;
ya Mervyn ilizidi, kila mara, sentimita saba.

Leo Desley ameishusha boti peke yake,
tela limekaa kombo, gari linanguruma bure.
Clem akaingia majini na viatu vyake vya kanisani
kumshikia kamba. Injini ikakohoa mara nne,
ikakataa,
ikakubali.
Asubuhi ya Tasmania, baridi ya kukata masikio,
ukungu umelalia mikaratusi iliyozama tangu bwawa lijengwe.

Saa tano akarudi na trauti mmoja tu.
Akamlaza kwenye rula, akatafuta miwani,
tukanyamaza kama watoto wa mtihani.
"Thelathini na nane," akasema,
bila kucheka.

Hakuna aliyetoa saba.
Clem aliandika daftarini, kwa wino, 38,
halafu akauliza, kama tulivyomuuliza Mervyn miaka yote:
"Chambo gani?"

Desley akafuta kisu kwenye suruali.
"Siri," akasema.